Mbolea ya Mama Filotea

Vijana wenzangu wa ugani,

Siku mliyoniaga mlinisimamisha niseme neno, nami nikasema asanteni, nikakaa, kwa sababu wali ulikuwa unapoa na mgeni rasmi alikwisha kusema kwa niaba yetu sote. Neno nililotakiwa kusema nililibeba hadi nyumbani Kitura. Sasa asubuhi zangu hazina tena mtu wa kuzipangia kazi, basi naliandika. Vyeo sitaviandika; vyangu vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Mishahara mnaijua, ni ile ile yenu. Nitaandika juu ya mbolea ya ruzuku, maana ndiyo iliyonipa furaha nyingi katika kazi hii, na ndiyo iliyonifanya nimkwepe mama mmoja kwa miaka mingi kana kwamba nimemwibia kuku.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha kidato cha nne, kozi fupi ya kilimo, na viatu vya ngozi. Mzee Otmar, bwana shamba niliyepangiwa kujifunza kwake, alivitazama viatu kabla ya kunitazama usoni.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Hivyo ni vya harusi?"

"Ni vya kazi, mzee."

"Kazi ipi?"

Siku hiyo hiyo akanipandisha kwenye mteremko wa ngoro. Baadhi yenu mmetoka mikoa ya tambarare na mlipofika Mbinga mlidhani milima yetu ina ndui, basi nieleze. Mvua zinapokaribia kwisha, mwanamume hufyeka nyasi na kuziacha zinyauke, kisha huzilaza shambani kwa mistari inayokatana, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Hapo kazi yake imekwisha. Mwanamke huja na jembe, huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Kinachobaki ni shimo katikati na tuta pande zote. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuteremka na udongo, na nyasi huoza chini ya tuta zikawa mbolea. Juu ya tuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Wazee wetu Wamatengo walilima hivyo kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe huipanda kwa kufikiri.

Mzee Otmar alinionya nitembee juu ya matuta. Nikatembea juu ya matuta hatua chache, viatu vya ngozi vikateleza, nikaingia shimoni hadi magotini. Akina mama waliokuwa wakilima karibu wakaegemea majembe yao.

"Bwana shamba mpya amejipanda," mmoja akasema.

"Mfukieni, huenda akaota," mwingine akajibu.

Nilitoka pale na matope na aibu, lakini nilitoka pia na jambo ambalo kozi haikunipa. Kwa mwezi mzima uliofuata kila nyumba niliyopiga hodi walikwisha kunijua, na walinikaribisha wakicheka. Mzee Otmar alisema kuanguka mapema ni nafuu, kwa sababu wengine huanguka wakiwa na cheo.

Vifaa vyetu vilikuwa futi ya kamba, mizani ya kuning'iniza, koti la mvua, na pikipiki moja iliyowaka kwa kusukumwa. Otmar aliitumia pikipiki ile kwa utaratibu wake mwenyewe. Akiwa na habari njema, kwamba mbegu zimefika au bei ya kahawa imepanda, aliiendesha hadi mlangoni mwa mtu huku akipiga honi. Akiwa na habari mbaya aliiacha barabarani na kupanda kwa miguu. Nilipomuuliza sababu, alisema njia ni ndefu, na mtu anayepanda mlima akihema hupata muda wa kuyapunguza maneno ya kipuuzi. Nilimwona akipanda hivyo mara nyingi. Habari mbaya hakumtuma mtu.

Alinifunza pia kutazama shamba kutoka mlima wa pili. Kwetu huku, kila nyumba iko mteremkoni na kila mteremko unatazamana na mwingine, kwa hiyo hakuna siri ya shamba. Ukisimama ng'ambo ya bonde unaona kahawa ikiwa imeizunguka nyumba, kijani kizito, na juu yake ngoro za mahindi. Kahawa ni ya baba. Yeye huikata matawi, huipulizia dawa na kuiuza. Ngoro ni za mama. Yeye hupanda, hupalilia na kulisha nyumba. Mgawanyo huu niliukuta, na sikuwa na ugomvi nao mpaka vocha zilipokuja.

Wengi wenu hamkuzishika vocha. Ilikuwa karatasi. Mkulima wa mahindi aliyeandikwa alipewa vocha, akaongeza fedha kidogo za mfukoni mwake, akaenda nazo kwa wakala wa pembejeo, akapata mfuko wa mbolea ya kupandia, mwingine wa kukuzia, na mbegu. Sehemu kubwa ya bei ililipwa na serikali. Kamati ya kijiji ilichagua majina, nami nikayaandika. Fomu ilitaka jina moja kwa kila kaya, na mahali pa jina hilo paliandikwa: mkuu wa kaya. Wakati huo Mzee Otmar alikwisha kustaafu, nami nilikuwa bwana shamba kamili, mwenye pikipiki iliyowaka bila kusukumwa na maoni mengi.

Mkuu wa kaya, kwa akili zetu wote pale, alikuwa baba. Basi vocha za mahindi zikaenda kwa wanaume, na mbolea ya mahindi ikaenda kwenye kahawa. Haikwenda kwa kujificha. Mifuko ilipanda kutoka barabarani mchana kweupe, ikafika njia panda, na badala ya kuendelea kwenye ngoro ikaingia nyumbani. Nikiwauliza wanaume, walinijibu kwa upole sana.

"Bwana shamba, kahawa ndiyo inayosomesha watoto."

"Lakini vocha ni ya mahindi."

"Na watoto wakila ugali shuleni, si mahindi hayo?"

Niliandika kwenye taarifa zangu kwamba matumizi yanaridhisha.

Sasa mama mwenyewe. Kijiji sikitaji, waliokuwa kwenye kamati ile bado tunasali kanisa moja. Mama Filotea alikuwa amenizidi umri kwa miaka kadhaa, mwembamba, hodari wa jembe, na mume wake, Mzee Gallus, alikuwa mtu mcheshi aliyeipenda kahawa yake kuliko mtu anavyopaswa kupenda mti. Siku ya kuandikisha, mama huyo aliingia ofisi ya kijiji na kusimama kwenye foleni ya wanaume akiwa na jembe begani, maana alikuwa ametoka shambani na alikusudia kurudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niandike."

"Mzee Gallus si nimekwisha kumwandika?"

"Umemwandika kwa mahindi. Muulize mahindi yake yako wapi."

Mzee Gallus alikuwa ameketi kwenye benchi na wenzake. "Yako shambani," akasema.

"Shamba lipi? Hebu waoneshe kwa kidole."

Gallus akanyosha mkono dirishani. "Upande ule."

"Ule ni wa padri," mama Filotea akasema.

Benchi zima likacheka, na Gallus mwenyewe akacheka zaidi ya wote. Mama Filotea akanigeukia tena. Alisema mbolea ya mwaka uliopita haikufika kwenye tuta lake hata moja, na mahindi yake yalisimama ya njano mbele ya kijiji kizima. Akaomba jina lake likae mahali pa jina la Gallus, ili mfuko ukifika uwe mkononi mwake.

Ningeweza kumwandika. Hakuna aliyeniambia mkuu wa kaya lazima awe na ndevu. Lakini wanaume walikuwa wakinitazama, nami nilipenda kupendwa nao. Nikamwambia, "Mama, mkuu wa kaya ni mmoja. Nikiwaandika wawili itabidi nyumba yenu niikate kwa msumeno."

Wanaume walicheka mpaka mtu mmoja akapiga meza. Mama Filotea akalihamisha jembe bega la pili.

"Sikusema wawili," akasema. "Nimesema mmoja. Anayelima." Akatoka.

Msimu ule mbolea ikaenda kwenye kahawa kama kawaida, na mahindi yake yakawa ya njano kama kawaida. Halafu, mvua zilipokuwa zinakaribia kwisha na kila mtu akiandaa ngoro mpya za maharage, mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu.

"Bwana shamba, njoo uone nyasi zako."

Nilisimama ng'ambo ya bonde nikaona. Mzee Gallus alikuwa amefyeka na kuzilaza nyasi zake kwa ustadi, miraba imenyooka kutoka juu hadi chini, kazi ya kupiga picha. Na zilikuwa zimebaki hivyo. Mashamba yote ya jirani yalikuwa meusi kwa udongo mpya, na katikati yake shamba la Gallus lilikuwa na nyasi kavu juu, kama kitanda kilichotandikwa na hakuna anayekilalia. Mama Filotea alikuwa hajafukia. Kwetu mwanamume hafukii nyasi. Hata kama angetaka, angechekwa mpaka Songea. Na mvua ilikuwa imebaki kidogo. Ikikatika, udongo hukaza, maharage hayapandiki, na mahindi yanayofuata yanakosa pa kusimama. Nyumba ile ingekosa chakula cha mwaka mzima. Isitoshe, mwenyekiti alinieleza kwa sauti ya chini, wake wa majirani wameanza kuuliza maswali.

Nilimkuta mama Filotea nje ya nyumba akipepeta maharage. Gallus alikuwa ameketi karibu, amenyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mama, nyasi vipi?"

"Nyasi za Gallus zimelala vizuri. Sijazigusa."

"Mvua inaondoka. Msipopanda sasa mtakula nini?"

"Tutakula kahawa."

Gallus akakohoa. "Mwambie wewe," akaniambia. "Mimi nimekwisha kusema mpaka nimeishiwa."

Sikutoa mzaha safari hii. Nilikaa chini. Nilimwambia mama kwamba ana haki, na kwamba msimu ujao nitaliandika jina lake mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na mbolea itatoka kwa wakala kwa jina hilo. Alipepeta ungo mara kadhaa. Kisha akauweka chini.

"Gallus, umesikia?"

"Nimesikia."

"Na wewe bwana shamba, umejisikia?"

"Nimejisikia, mama."

Asubuhi iliyofuata aliingia shambani na mawifi zake. Walifukia wakiimba, wakishuka mteremko mstari mmoja, na kabla mvua haijakatika maharage yalikuwa yametoka. Nilipita mara kwa mara kuyatazama. Nakiri niliona fahari. Nilijiona nimekuwa kama Mzee Otmar.

Kiangazi kilipofika niliandika jina lake, Filotea, kwa mkono wangu. Halafu mgao wa kijiji ukaja umepunguzwa. Vocha zilikuwa chache kuliko majina, na kamati ikakaa ili kukata. Tulikaa mchana, chumba kina joto, na mimi nilitakiwa kufikisha orodha Mbinga siku hiyo hiyo. Majina ya kwanza kutazamwa yalikuwa ya wanawake wenye waume, ambayo yalikuwa machache, maana wawili watatu walikuwa wamemfuata mama Filotea.

"Kaya ya Gallus tumrudishe Gallus," mwenyekiti akasema. "Tusije tukachekwa na vijiji vingine. Wewe unaonaje, bwana shamba?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimechoka, njia ilikuwa mbovu, na niliona kwamba nikibisha tutaanza upya majina yote. Nikasema, "Andikeni mnavyoona."

Maneno mawili tu hayo. Nimewahi kukosea kipimo cha dawa nikaunguza miche ya watu, nimewahi kupotosha kijiji kizima kuhusu tarehe ya mbegu, na yote hayo nilikwenda kuomba radhi nikasamehewa. Hili sikuliombea radhi. Jioni nilipita kwa Mzee Otmar, nikamsimulia kama habari ya kawaida ya kazi.

"Umeshamwambia mama?" akauliza.

"Mwenyekiti atamwambia."

Mzee akatazama nje. "Umekuja na pikipiki?"

"Ndiyo."

"Iache hapa. Nenda kwa miguu."

Nilisema nitakwenda kesho. Kesho yake kulikuwa na mkutano. Halafu kukawa na wageni kutoka mkoani. Halafu nikajiambia atakuwa amekwisha kusikia.

Hakuwa amesikia. Mwenyekiti naye alikuwa akinisubiri mimi. Mama Filotea aliuza sehemu ya maharage yale aliyoyapata kwa neno langu, akafunga fedha kwenye ncha ya kanga, akateremka hadi kwa wakala, akasimama kwenye foleni, na alipofika mbele akaambiwa jina lake halipo. Gallus ndiye aliyeandikwa. Wakala alinisimulia baadaye kwamba mama hakubisha. Aliuliza tu kama huenda ameandikwa kwa jina la ukoo, na alipoambiwa hapana, akasogea pembeni kumpisha aliyefuata.

Gallus alichukua mbolea. Nasikia alimpelekea mkewe nusu mfuko kwa kuona haya, na mama akauacha pale pale ulipowekwa, mpaka mvua ikaunyeshea ukawa jiwe. Mwaka uliofuata alilima ngoro chache tu za maharage. Unga wakanunua. Watu waliona kutoka kila mlima mteremko ule ukigeuka pori, na walijua kwa nini. Mimi nilipokutana naye baada ya misa nilisema shikamoo mama, naye akasema marahaba, akamtazama mtu aliyesimama nyuma yangu. Nyumbani kwake sikukanyaga tena. Vijiji vyote vya kata ile nilivitembelea, chake nikakipa simu.

Ndiyo maana, walipotafuta mtu wa kushuka ziwani, nilijitolea kabla ya wenzangu kumaliza kutafuta visingizio. Mke wangu alidhani nimependa samaki.

Nilikaa upande wa Nyasa misimu kadhaa, nikizunguka Tingi, Kingerikiti na vijiji vya ufukweni, na kusema kweli nilikuwa na raha. Joto lilinivua sweta ambalo nilikuwa nimelivaa tangu ujana. Asubuhi niliamka nikaona usipa, wale dagaa wa ziwani, wameanikwa mchangani, wameng'aa kama vipande vya bati, na milima ya ng'ambo ikiwa buluu. Mwenyekiti wa kijiji nilichokaa, Bwana Manfred, alikuwa Mwanglikana, mvuvi na mwenye maneno.

"Ninyi Wamatengo," aliniambia siku ya kwanza, "mmezoea kupanda hata mkienda kulala. Hapa tambarare utaanguka."

"Nimekuletea mbolea ya mahindi, mwenyekiti."

"Asante sana. Mahindi umekuja nayo?"

Maana watu wa chini wanalima mihogo na mpunga, na vocha ilikuwa ya mahindi. Niliwaandika hata hivyo, kwa sababu mgao ulikwisha kuja. Mbolea yao waliiuza, ikapakiwa kwenye malori ikapanda kwetu juu, kwenye kahawa. Mifuko mitupu iliteremka tena, ikawekewa usipa, ikapanda tena. Bwana Manfred aliwahi kunihesabia safari za mfuko mmoja, akasema umesafiri kuliko askofu. Tulicheka, lakini usiku huo niliufikiria mteremko ule wa juu uliokuwa pori kwa kukosa kile ambacho huku chini hawakukihitaji. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kote kuwili.

Vocha zikaisha. Ikapita miaka ya kila mtu kujinunulia mbolea kwa fedha zake. Mzee Otmar akafariki. Nilikwenda kumzika, nikapanda kwa miguu. Mzee Gallus naye akafariki, na huko sikwenda. Nilituma rambirambi kwa mtu. Naliandika hili kwa sababu mtaniuliza kama mtu hujifunza, na jibu ni kwamba huchukua muda.

Nilirudishwa juu miaka ya mwisho, na ruzuku ikarudi kwa namna mnayoijua ninyi: mkulima anaingizwa kwenye kishikwambi pamoja na namba yake ya simu, anatumiwa namba ya siri, anakwenda nayo kwa wakala. Mlinifundisha kukibonyeza kishikwambi kile kwa uvumilivu ambao sikuwa nimewaonesha ninyi. Mwezi wangu wa mwisho kazini mlinipangia vijiji vilivyobaki kuandikishwa, na kile kijiji kilikuwemo. Mmoja wenu alisema, "Mzee, huko mbali, twende sisi." Nilikataa. Pikipiki niliiacha barabarani.

Mama Filotea alikuwa ameketi mkekani nje ya nyumba, amekonda zaidi, kitambaa cheupe kichwani. Mwanawe Deo alikuwa pale akinoa panga, na mke wa Deo, Skola, alikuwa akianika nguo. Nilisimama nikihema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, usije ukatufia hapa."

Nikakaa. "Mama, ule msimu wa vocha..."

"Naujua. Nilikuwepo."

"Nilikosa. Nilipaswa kuja kukuambia, na kabla ya hapo nilipaswa kukataa."

Alinitazama kwa muda mrefu. Deo aliacha kunoa.

"Umekuja kwa hilo?"

"Kwa hilo, na kukuandika. Jina lako."

"Kuniandika wapi, makaburini?" Akanyosha mikono yake, vidole vimepinda. "Hii haishiki jembe tena. Ngoro nimemwachia Skola. Amezifufua zote, hata zile za juu. Mwandike huyo."

"Mama," Deo akasema, "mwenye nyumba ni mimi."

"Nyumba ni yako, nani ameigusa? Namuuliza bwana shamba mahindi."

"Kahawa mwaka huu imebeba sana. Ikikosa mbolea itakauka matawi."

"Baba yako alisema hivyo hivyo mpaka tukanunua unga. Wewe ulikuwa unaupenda ule unga?"

Deo akarudia kunoa panga lake. Skola alikuwa amesimama na shati lililolowa mkononi, hajui kama alianike au aliweke chini. Nikamwita aje na simu yake. Safari hii nilisema mwenyewe, na nilisema kwa Deo, nikimtazama usoni: kwamba kishikwambi kinaniuliza ni nani mkulima wa mahindi, na katika nyumba hii ni Skola, kama anaona vibaya anilaumu mimi, si mkewe. Deo akasema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali. Mama Filotea akanitaka nibonyeze akiona. Nikabonyeza akiona. Simu ya Skola ikalia, ujumbe umeingia. Mama akasema tumsomee, na Skola akamsomea mara mbili. Ujumbe haukuwa mfuko, na sote wanne tulilijua hilo.

Nilistaafu kabla ya msimu wa kupanda. Mvua za kwanza ziliponyesha nikasikia mifuko imefika kwa wakala, nikashindwa kukaa nyumbani. Nilipanda tena kule, sina sare, sina kishikwambi, sina sababu ya kiofisi. Nilimkuta mama peke yake mkekani. Deo na Skola walikuwa wamekwenda pamoja kuchukua mbolea. Mfuko ni mzito, na Deo ndiye mwenye mabega.

Tulikaa tukitazama njia. Kutoka pale unaiona yote, kuanzia barabarani hadi njia panda, mahali ambapo mkono mmoja huingia kwenye kahawa na mwingine hupanda kwenye ngoro. Hatukuzungumza sana. Aliniuliza watoto wangu wako wapi, nikamwambia. Nilimuuliza miguu, akasema ipo.

Kisha wakatokea. Deo mbele, mfuko begani, Skola nyuma yake na mbegu kichwani. Walikuja polepole, njia ilikuwa na utelezi. Mama Filotea alikuwa haoni vizuri kwa mbali.

"Ni wao?"

"Ni wao. Wanao mfuko."

"Nani kaubeba?"

"Deo."

Akaacha kuuliza. Walipofika njia panda Deo akasimama. Akautua mfuko chini, akanyosha mgongo, akaitazama kahawa yake. Skola alisimama vile vile, hakutua mbegu. Alisema kitu, au hakusema, tulikuwa mbali. Nilitamani kupaza sauti na nikajizuia, kwa sababu safari hii haikuwa kalamu yangu. Deo akainama, akaupandisha mfuko bega la pili, akashika njia ya juu.

"Wameingia wapi?" mama akauliza.

"Wamepanda kwenye ngoro."

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Deo mbele."

Alitikisa kichwa taratibu, akakunjua miguu yake mkekani. Nilidhani sasa atanena neno ambalo nimelitamani miaka yote. Akanena.

"Ule ni wa Skola," akasema. "Wangu mimi hukuuleta."

"Ni kweli, mama."

Akauvuta mkeka upande wake, kivulini.

"Sogea huku," akasema. "Jua linakuchoma."